Sura ya Saba: Simu Iko kwa Nani?

Ukimwomba mwalimu wa darasa katika shule ya msingi ya Kilolo au Rungwe akuonyeshe daftari la wanafunzi wake, utakuta kando ya majina safu ya namba za simu za wazazi. Shule nyingi za Nyanda za Juu Kusini hazina njia nyingine ya kuwafikia watu wa nyumbani kila siku, na hii imekuwapo bila mfadhili wala sherehe ya uzinduzi. Ni safu yenye mapengo. Namba moja imekatwa kwa kalamu, juu yake ikaandikwa nyingine, nayo ikakatwa. Nyingine ni ya mjomba anayeishi Tunduma. Nyingine ni ya mwenye duka, ambaye hupokea salamu za kaya nne na kuzifikisha akikumbuka. Mwalimu mzoefu anajua kwa kichwa ni ipi hupatikana asubuhi, na ni ipi ya kusubiri hadi mwenyewe ateremke mnadani kuchaji.

Mei 2019 serikali ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Aliyezimiwa laini alitafuta nyingine. Lakini ni wangapi waliofunga safari hadi shuleni kumpa mwalimu namba mpya? Wiki nane baadaye, tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia awali hadi kidato cha sita. Kidato cha sita walirudi Juni 1. Wengine wote walikaa nyumbani hadi Juni 29. Kwa miezi mitatu na ushei elimu ya watoto wa Mbeya na Iringa ilikuwa mikononi mwa wazazi, mabibi na dada zao, na kiungo pekee kati yao na mwalimu kilikuwa ile safu ya namba.

Tusiseme hapakuwa na kitu mtandaoni. Taasisi ya Elimu Tanzania ilikuwa na maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, vya kusomwa bure. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mwanasheria Faraja Nyalandu, tayari ilikuwa na masomo ya sekondari kwenye tovuti, pamoja na huduma ya Makini SMS kwa wasio na intaneti. Televisheni na redio zilirusha vipindi vya masomo. Ukiorodhesha vyote hivyo kwenye karatasi, unaweza kudhani taifa lilikuwa limejiandaa vizuri kuliko majirani wengi.

Tatizo ni kwamba karibu vyote vilimlenga mtoto mwenye kifaa mkononi, na mtoto huyo ni wa kutafuta. Katika kaya ya kawaida ya Ilula au Igurusi simu si ya nyumba, ni ya mtu. Inaondoka na baba alfajiri, inazunguka naye shambani, kijiweni, mnadani, na kurudi saa 2 usiku ikiwa na chaji ya kupepesa. Mama ana kitochi chake cha kupokelea pesa na kuulizia bei. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano za mwishoni mwa 2024 zilionyesha laini za simu zaidi ya milioni 80 nchini, idadi inayopita ya watu wenyewe, kwa sababu mtu mmoja hubeba laini mbili tatu akiwinda bando nafuu. Simujanja, hata hivyo, zilikuwa zimefikia theluthi moja na ushei tu. Mtu anayepanga mfumo wa kujifunzia nyumbani kwa kutazama hiyo milioni 80 atapotea. Aanze na swali dogo: saa 10 jioni, mtoto anapotoka shule, simu iko kwa nani?

Waliolielewa jambo hili mapema, kwa maoni yangu, walikuwa vijana wa Ubongo. Kipindi chao cha Ubongo Kids kilianza kuonekana TBC Januari 2014, na mtoto aliweza kujibu maswali ya hesabu kwa meseji ya kawaida, kwa simu yoyote iliyokuwa sebuleni. Katuni ilitazamwa na nyumba nzima. Mama aliyekuwa anachambua mchele naye alisikia swali, na mara nyingine alilijibu kabla ya mtoto. Hakuna aliyemwomba mzazi afungue akaunti wala akumbuke nywila.

Serikali nayo imejenga mifumo, na si haba. Baraza la Mitihani lina PReM, inayompa kila mwanafunzi wa shule ya msingi namba yake ya kudumu na kumfuata anapohama. TAMISEMI ina mfumo wa taarifa za shule ambamo mahudhurio na takwimu nyingine huingizwa. Tazama tu mwelekeo wa taarifa hizo. Zinatoka kwa mwalimu kwenda kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, halmashauri, mkoa, hadi Dodoma. Mwalimu mkuu wa shule ya bondeni, ambako milima imeziba mawimbi, hupoteza siku kwenda mahali penye mtandao ili takwimu zipande. Zikishapanda hazishuki upande wa pili, kwa mzazi. Afisa aliye Dodoma anaweza kujua kwamba mtoto fulani wa Busokelo hakuhudhuria siku tisa mwezi uliopita kabla mama yake hajajua. Mlango pekee wa kidijitali uliofunguliwa kwa mzazi wa kawaida ni tovuti ya matokeo: darasa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne. Anaingia humo mara moja baada ya miaka kusoma hukumu iliyokwisha kutolewa.

Kwa hiyo wazazi na walimu wakajitengenezea chao. Kikaitwa kundi la WhatsApp.

Kundi hilo lina tabia zake, na anayetaka kuandika juu ya elimu ya mtandaoni Mbeya mjini au Manispaa ya Iringa bila kukaa ndani yake jioni moja anajisumbua. Saa 12 jioni mwalimu anatuma picha ya ubao: hesabu za sehemu, maswali kumi. Mwanga wa dirisha umepiga upande wa kulia, kwa hiyo maswali kuanzia la saba hadi la kumi hayasomeki. Baba mmoja anajibu kwa alama ya viganja viwili vya shukrani. Mama mwingine anauliza kama kesho watoto wavae nguo za michezo. Mweka hazina wa kamati anabandika orodha ya michango ya chakula cha mchana, mahindi na maharage na fedha ya mpishi, majina mengine yana tiki na mengine hayana. Linafuata tangazo la kikao. Mtu anatuma video ya mahubiri ya dakika sita, halafu anaomba radhi: "Samahani wapendwa, nimekosea kundi." Kufika saa 3 usiku, baba mwenye simujanja anaporudi nyumbani na mtoto anapodai hesabu zake, ile picha ya ubao iko chini ya jumbe arobaini, na bando limekwisha kwenye mahubiri.

Picha yenye mwanga mbaya inaweza kupigwa tena, na mahubiri tunaweza kuyavumilia. Kilichoharibu makundi haya ni ile orodha yenye tiki. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016, mzazi wa Tanzania aliambiwa kutoka majukwaani kwamba elimu ni bure. Walichosikia wengi ni kwamba shule sasa ni ya serikali na yeye apumzike. Lakini mtoto bado anahitaji daftari, sare na chakula cha mchana, na shule ikikosa pa kupata, inarudi kwa mzazi kupitia kamati. Hapo kila ujumbe kutoka shuleni ukawa unanukia fedha. Mzazi asiye na tiki mbele ya jina lake hanuni tu. Ananyamaza, anazima mlio wa kundi, mwishowe anajitoa kimyakimya, na pamoja na deni la debe la mahindi anakuwa ameyaacha humo maswali ya hesabu, taarifa za mahudhurio na jina la mwalimu mpya wa Kiswahili.

Kuna na lingine. Walimu wengine hubandika humohumo matokeo ya mtihani wa mwezi, wa kwanza hadi wa mwisho, majina kamili. Januari 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kitaifa. Mei 1 mwaka huohuo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika. Mtoto wa miaka tisa aliyeshika mkia ana haki ya kutosomwa na majirani wote wa Mwanjelwa kabla hajafika nyumbani. Sidhani kama mwalimu anafanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo karatasi ilivyobandikwa kwenye mbao za matangazo tangu zamani. Tofauti ni kwamba ubaoni ilionwa na waliofika shuleni, na mvua ilipokuja iliondoka.

Shule binafsi za mijini zimepita hatua hiyo. Zina programu ambazo mzazi huingia akaona matokeo, salio la ada na ratiba ya likizo, na kwa mzazi wa Dar es Salaam aliyempeleka binti yake bweni Mbeya au Iringa kwa sababu ya baridi na nidhamu, hiyo ni nafuu kubwa, maana mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Sina ugomvi nazo. Ila nikisikia afisa anasema halmashauri yake "iige mfano" huo kwa shule za kata, namkumbusha kwamba mzazi yule amelipa ada, ana simujanja mbili, na mtoto wake analala shuleni. Hakuna kujifunza nyumbani hapo. Programu inamwonyesha mzazi hali ya mtoto, lakini haimdai kitu zaidi ya ada.

Nchi hii iliwahi kufanya jambo kubwa zaidi kwa chombo duni zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kufundisha watu wazima karibu milioni mbili namna ya kujikinga na magonjwa, wakati Iringa bado ina Njombe ndani yake na Mbeya ina Songwe. Watu walikaa vikundi kuizunguka redio moja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kusomea. Kipindi kikiisha, walijadili, kisha wakaondoka na kazi: kuchimba choo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Wengi wao hawakujua kusoma. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Palikuwa na mtu anayejulikana kijijini, aliyeuliza swali na kusubiri jibu, na palikuwa na kazi ndogo ya kufanywa kwa mikono kabla ya wiki kwisha. Mifumo yetu ya sasa ina mitambo bora mara elfu, lakini yule mtu ameondolewa.

Ushahidi kwamba yule mtu ndiye dawa umepatikana si mbali na kwetu. Mwaka 2020, shule za Botswana zilipofungwa, watafiti wakishirikiana na shirika la vijana la Young 1ove waligawa kaya zipatazo 4,500 katika makundi. Kundi moja lilipelekewa meseji ya hesabu kila wiki. La pili lilipata meseji hiyohiyo pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20, ambamo mwalimu alizungumza na mzazi na mtoto kwa pamoja na kulifanya swali nao. Kundi la tatu halikupata kitu, ili kulinganisha. Walipopima, watoto waliopigiwa simu walikuwa wamesonga mbele waziwazi katika hesabu. Meseji peke yake haikuacha tofauti ya maana. Jaribio likarudiwa katika nchi tano, zikiwamo Kenya na Uganda, kwa kaya zaidi ya 16,000, na simu ikashinda tena. Kwa anayepanga bajeti ya elimu, tokeo tamu zaidi ni kwamba walimu wa kawaida wa serikali walifaulu sawa na wafanyakazi wa mashirika. Na hakuna simujanja iliyohitajika. Kitochi kilitosha.

Hebu tuihamishe simu hiyo hadi kijiji cha Kilolo, tuone inavyokuwa. Saa 1 jioni. Mwalimu anapiga kwa bibi, kwa sababu mama yuko Dar es Salaam kikazi na simu inayolala nyumbani ni ya bibi.

"Kamwene bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko shuleni?"

"Hatujambo. Mjukuu wako yupo?"

"Yupo, anasonga ugali."

"Akimaliza mwite akae karibu nawe, uweke sauti kubwa. Na bibi, tafadhali chota maharage kwenye bakuli."

Swali ni 43 kutoa 18. Mtoto analifanya kwenye daftari na kujibu bila kusita: 35. Mwalimu hamwambii amekosea. Anamwomba bibi ahesabu maharage 43, aondoe 18, ahesabu yaliyobaki. Kimya kinapita, bibi anasikika akihesabu kwa Kihehe, halafu anasema: "Huku yamebaki 25, mwalimu." Mtoto anaangua kicheko, anahesabu mwenyewe, anapata 25. Hapo mwalimu amegundua kitu ambacho madaftari 60 ya kusahihishwa kwa mkupuo hayamwonyeshi: huyu mtoto hajui kukopa kwenye makumi. Anatoa dogo kwenye kubwa popote atakapolikuta. 8 toa 3, 4 toa 1. Yuko darasa la nne, lakini swali lake ni la darasa la pili, na wiki ijayo simu itaanzia hapo. Bibi, ambaye aliambiwa maisha yake yote kwamba hawezi kusaidia masomo kwa sababu hakusoma, ameshika nusu ya somo.

Picha ya ubao haiwezi kufanya hivyo hata ikipigwa kwa kamera ya mamilioni. Inatuma swali, haisikii jibu.

Yako mambo ya huku ambayo mpangaji aliye mbali hawezi kuyaona. Usangu, mpunga unapokaribia kuiva, kaya nzima huhamia mashambani kuamia ndege, na kwelea kwelea hawana wikiendi. Wakati huo mtoto wa Ubaruku yuko ama shambani na wazazi ama nyumbani na kaka yake wa kidato cha kwanza, na ratiba ya simu iliyopangwa kwa mwaka mzima bila kuangalia msimu itapiga kengele kwenye nyumba isiyo na mtu. Kuna mababa ambao hawatampa binti simu mkononi hata kwa dakika tano, kwa hofu wanazozijua wenyewe. Hawa hupungua ukali simu inapopigwa kwa mama au bibi, sauti ikiwa wazi, kila mtu akisikia. Na kuna lugha. Mzazi aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili anaweza kumfuata mwanawe vizuri hadi hapo. Siku mtoto anapoingia kidato cha kwanza na kila kitabu kikageuka Kiingereza, mzazi huyo anatolewa nje kwa usiku mmoja. Sera ya elimu toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, haikuliondoa hilo. Kumtumia mzazi kama huyo faili la maswali ya Biolojia kwa Kiingereza ni kumdhihaki. Mtumie swali analoweza kuuliza yeye: "Leo mmesoma nini? Nieleze kwa Kiswahili mpaka nielewe." Mtoto anayeweza kuieleza seli kwa mama yake anayekaanga mandazi ameielewa seli.

Miradi imekuja na kupita. Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kati ya 2016 na 2021, ulifanya kazi Iringa pamoja na Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar, ukisaidia watoto wa madarasa ya chini kusoma na kuwasogeza wazazi karibu na walimu. Mbeya haikuwamo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lenyewe likafikia kikomo. Anayejenga daraja kati ya shule na nyumba kwa fedha ya mgeni ajue kwamba mgeni huondoka na mbao zake. Na anayelijenga juu ya intaneti peke yake akumbuke Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika na mtandao ukayumba nchi nzima. Simu ya kawaida kutoka Mafinga kwenda Mgololo haipitii baharini.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mipango mizuri hufia. Darasa la watoto 60, kila mmoja dakika 20 kwa wiki, ni dakika 1,200, yaani saa 20. Hakuna mwalimu atakayezitoa baada ya kazi, na atakayekuambia ataziweza anakudanganya. Ukichagua watoto kumi walio nyuma zaidi unapata saa 3 na dakika 20, jioni mbili hivi. Hilo linabebeka, kama mtu mwingine analipa muda wa maongezi. Ruzuku ya shule ya msingi, iliyopangwa kwa kiwango cha Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ikienda kwenye vitabu, haina kifungu cha vocha. Mwalimu wa Rungwe leo anapompigia mzazi anatumia salio lake mwenyewe. Tunamdai mawasiliano kwa fedha yake ya nauli.

Kwa kazi hiyo ya kupiga simu, vyuo tunavyo. Iringa kuna Chuo cha Ualimu Kleruu na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Rungwe kuna vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso. Mamia ya vijana humo wanasomea ualimu, na kila mwaka hupelekwa mazoezini kusimama mbele ya ubao kwa wiki chache huku mkaguzi amekaa nyuma. Mwanachuo mmoja akipewa watoto watano wa shule ya jirani, awapigie kila wiki kwa muhula mzima, aandike kila kosa la mtoto na alilofanya nalo, atajifunza ualimu kuliko kwa kuandaa maazimio ya kazi ambayo hayasomwi na mtu. Anakuwa pia amejua namna ya kuzungumza na mzazi, jambo ambalo wengi hujifunzia ukubwani, kwenye vikao vyenye hasira. Gharama ni bando la dakika na mkufunzi wa kupitia madaftari. Kampuni za simu zinazotangaza kusaidia elimu kwa kugawa kompyuta mbele ya kamera zinaweza kutoa dakika hizo bila kuzihisi.

Mbeya na Iringa kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni tatu na nusu kwa sensa ya 2022, na mazungumzo mengi ya nyumba hizo jioni hupita kwenye vitochi. Wakuu wa vyuo hivyo vinne na maafisa elimu wa mikoa miwili wanaweza kuanza na shule mbili mbili za jirani muhula ujao, wapime watoto kabla na baada, na kuandika walichokiona. Halmashauri itakayokuja na andiko la kununua programu ya wazazi kabla ya hilo kufanyika, madiwani wake wanapaswa kulikataa.